Kupanga bustani na njia za miguu na baiskeli katika miji ya milimani: kuanzia Iringa hadi Mbeya

Njia ya miguu ikijengwa Septemba, udongo ukiwa mkavu, kila mtu huisifu. Mvua za Desemba zikishuka ndipo inajulikana kama ilipangwa au ilichorwa tu. Miji ya Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania imekaa kwenye miteremko. Iringa iko juu ya bonde la Ruaha Mdogo, Mbeya imelalia miguuni mwa Loleza, na mvua yake huja kwa msimu mmoja mrefu, Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Kwa hiyo mpango mzuri wa bustani na njia huku ni mpango wa maji kwanza, kisha wa watu wanaopita, na urembo unafuata baadaye. Mwongozo huu umeandikwa kwa maofisa mipango miji, watendaji wa kata na mitaa, na vikundi vya wakazi vinavyotaka kupeleka andiko halmashauri lisirudishwe.

Tembea kabla ya kuchora

Chapa picha ya setilaiti ya eneo lenu kwa kipimo cha 1:2,500, ambapo sentimita 1 ni mita 25. Nenda nayo mtaani wakati mvua inanyesha au imetoka kukatika. Weka alama za bluu mahali maji yanapopita, yanapotuama na yanapovuka barabara kwa kuwa kalvati limeziba. Siku nyingine, kiangazi, weka alama nyekundu kwenye njia za mkato ambazo watu wamezikanyaga wenyewe: nyuma ya shule, kando ya ukuta wa kanisa, kutoka sokoni kushuka mtoni. Hizo nyekundu ndizo njia zenu. Zimeshapigiwa kura na miguu ya watu kwa miaka, na ukijenga njia mpya mita 40 kutoka hapo, watu wataendelea kupita pale pale pa zamani.

Kisha hesabu watu. Kaa sehemu tatu au nne muhimu, saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni, siku moja ya kazi, siku moja ya mnada au soko kubwa, na Jumapili moja. Andika kila robo saa: watembea kwa miguu, wanafunzi, baiskeli tupu, baiskeli yenye mzigo, mkokoteni, pikipiki, bajaji, mtu wa kiti cha magurudumu au magongo. Safu ya baiskeli yenye mzigo usiiruke. Waendesha baiskeli wengi wa miji yetu hawafanyi mazoezi. Wamebeba mkaa, matenga ya nyanya, madumu ya maziwa au gunia la viazi, na kwenye kilima wanashuka wanasukuma. Njia iliyopimwa kwa baiskeli tupu haitawafaa.

Weka pia duara la mita 400 kuzunguka kila uwanja wa wazi mlio nao. Huo ni mwendo wa dakika 5 hivi kwa mtu mzima. Mitaa iliyobaki nje ya maduara yote ndiyo ya kuanza nayo, hata kama eneo linalopatikana huko ni dogo kama kiwanja kimoja.

Ardhi ni ya nani

Hapa ndipo miradi mingi hufia, na hufia kimyakimya. Eneo la wazi lililo kwenye mchoro wa mipango miji lakini halina bikoni ardhini ni mwaliko kwa mvamizi. Linaanza na banda la kuosha magari, linafuata gereji, kisha msingi wa nyumba. Pima, panda bikoni, weka kibao, na mchoro uliopitishwa ubandikwe ofisi ya mtaa ambako wakazi watauona.

Kwenye mito, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia ndani ya mita 60 shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu hifadhi ya mto. Wengi huisoma kama kikwazo. Kwa mpangaji wa bustani ni nafasi, maana ukanda usiojengwa nyumba ndio unaofaa kwa miti na njia ya udongo. Lakini usiingie bila kibali. Zungumza mapema na ofisa mazingira wa halmashauri na bodi ya maji ya bonde. Bonde la Rufiji lina makao Iringa, na la Ziwa Rukwa lina ofisi Mbeya. Choo, kibanda na zege viwekwe nje ya mita hizo 60.

Kwenye mabonde ya Iringa utakuta vinyungu, yaani bustani za mboga za mabondeni. Wanaolima pale wanategemea mboga hizo kwa chakula na ada za shule, na wakifukuzwa kwa tangazo la siku moja watarudi usiku na jembe, wapite katikati ya njia yako. Hesabu wakulima wote, ita mkutano wa mtaa, kubalianeni mpaka, na muhtasari usainiwe. Panapostahili fidia, mthamini aitwe kabla ya kazi kuanza. Mara nyingi njia ya mita 2 inaweza kupita ukingoni mwa vinyungu bila kumng'oa mtu, na mkulima aliyebaki anakuwa mlinzi asiyelipwa.

Barabara nazo zina wenyewe. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, na kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 hifadhi yake ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA. Mkitaka kupanda miti au kuweka njia ya baiskeli kando ya barabara kuu ya Tunduma, barua iende TANROADS kabla ya mche kununuliwa, la sivyo barabara itapanuliwa na miti itakatwa ikiwa ndiyo kwanza inatoa kivuli. Tuta la reli ya TAZARA lisiguswe bila idhini yao. Njia ikipanda kuingia hifadhi ya msitu wa serikali, mwenye neno ni TFS, Wakala wa Huduma za Misitu.

Mwinuko, na kipimo cha fito tatu

Kwa njia ya kila mtu, mwinuko wa asilimia 5 (mita 1 kwa kila mita 20) ndio wa kulenga. Baiskeli yenye mzigo inasukumika hapo bila mtu kupumzika kila hatua kumi. Asilimia 8 ivumiliwe kwa vipande vifupi tu. Kwa kiti cha magurudumu, ukifika 1 kwa 12, weka sehemu tambarare ya mita 1.5 kila baada ya mita 9. Hesabu yake haina huruma: kupanda mita 100 kwa asilimia 5 kunahitaji njia ya kilomita 2. Anayetaka kuwapandisha watu kutoka Ipogolo hadi mjini kwa njia nyepesi lazima akubali kuzunguka. Ngazi za mkato ziwepo pembeni kwa wenye haraka, zikiwa na mfereji wa zege wa upana wa sentimita 15 ukingoni ili mtu asukume baiskeli yake humo.

Vifaa vya wapima si lazima kwa hatua ya kwanza. Fremu A, ile ile inayotumika kupima makingamaji mashambani, inatosha. Chukua fito mbili zilizonyooka za mita 2.3, zifunge juu zikutane, zitanue hadi miguu iwe mita 2 kamili, kisha funga mti wa kukingama usawa wa kiuno. Kutoka juu ning'iniza uzi wenye jiwe, uvuke ule mti wa kukingama. Simamisha fremu, weka alama uzi unapogusa. Geuza fremu ili miguu ibadilishane nafasi zile zile, weka alama ya pili. Katikati ya alama mbili ndipo usawa wa kweli.

Sasa fungia kipande cha mbao cha sentimita 10 chini ya mguu mmoja. Kwa kuwa miguu iko mita 2, uzi ukikaa kwenye alama ya katikati ujue ardhi imepanda sentimita 10 kwa mita 2, yaani asilimia 5. Mguu mrefu ukae daima upande wa chini. Piga kigingi kwenye mguu wa juu, sogeza fremu hadi mguu mrefu ukae kwenye kigingi hicho, tafuta nukta inayofuata. Watu wawili wakifanya hivi tangu asubuhi, jioni mstari wote unaonekana kwa vigingi. Siku ya upepo fanyeni kazi mapema au tumieni jiwe zito zaidi, kwa sababu uzi unaoyumba ni kipimo cha kubahatisha.

Kanuni moja zaidi: mwinuko wa njia usizidi nusu ya mteremko wa kilima pale inapopita. Kilima kikiwa na mteremko wa asilimia 16, njia isizidi 8. Ukivuka hapo, maji yanaacha kuikata njia kwa upande na kuanza kuifuata kwa urefu, nayo inageuka mfereji. Makorongo kadhaa ndani ya miji yetu yalianza hivyo, kama njia ya miguu iliyoshuka moja kwa moja.

Kuyatoa maji njiani

Njia ya udongo ilalie upande wa bondeni kidogo, asilimia 4 hadi 5. Kwa njia ya mita 1.5, ukingo wa nje uwe chini ya wa ndani kwa sentimita 6 hadi 7. Kwa njia ya peving inayopitisha viti vya magurudumu isizidi asilimia 2, maana zaidi ya hapo kiti kinavuta pembeni. Usiache tuta la udongo ukingoni upande wa bondeni. Mafundi hulipenda kwa sababu linaonekana nadhifu, lakini ndilo linalofungia maji njiani.

Hata hivyo miguu na magurudumu huchimba katikati, na baada ya mwaka mlalio unapotea. Ndiyo maana unahitaji makingamaji ya njia: bonde dogo lililokatwa kwa mshazari, urefu wa mita 3 hadi 4, likifuatiwa na mgongo wa udongo ulioshindiliwa wa sentimita 15 hadi 20. Mwinuko ukiwa asilimia 5, weka kila mita 30. Ukiwa 10, kila mita 15. Mgongo uwe mpana na laini ili baiskeli ipite bila kuruka. Gogo lililolazwa njiani hufanya kazi msimu mmoja, kisha udongo wa juu unajaa, wa chini unachimbika, na watu wanaanza kulizunguka.

Penye mkondo wa kweli weka kalvati la kipenyo cha milimita 600 au zaidi. La 300 linaweza kutosha kwa maji lakini halitoshi kwa chupa za plastiki, mifuko na matawi, na likiziba hakuna anayeweza kuingiza koleo kulizibua. Lilaze kwa mteremko wa asilimia 2 hadi 3, na kwenye mdomo wa kutokea panga mawe makubwa kwa urefu wa mita 1.5 angalau. Bila mawe hayo, maji yanachimba shimo, shimo linarudi nyuma chini ya kalvati, na njia inakatika kutoka upande ambao hakuna aliyekuwa anautazama.

Chini ya miamba, kama ule wa Gangilonga mjini Iringa, hesabu ni nyingine kabisa. Mwamba mtupu haunywi maji, karibu mvua yote inateremka kwa dakika chache. Njia inayopita miguuni mwa mwamba ijengewe mfereji wa mawe upande wa juu, na sehemu ya kuvukia maji iliyosakafiwa mawe, siyo changarawe.

Madaraja madogo ya hadi mita 4 yanaweza kutumia nguzo za mlingoti (mkaratusi) zilizotiwa dawa, zinazopatikana Mafinga, tatu zenye unene wa sentimita 20 hadi 25. Mbao za juu ziwe na unene wa sentimita 5, zilazwe kukingama mwendo, ziachane sentimita 1. Zikilazwa kwa urefu, tairi la baiskeli linanasa. Vishikio vifike mita 1.2. Uliza wazee maji yaliwahi kufika wapi, kisha weka sehemu ya chini ya daraja sentimita 60 juu ya alama hiyo. Zaidi ya mita 4, mwite mhandisi.

Upana, tabaka na hesabu ya tripu

Njia ya miguu pekee: mita 1.5 ndiyo chini kabisa, 1.8 inaruhusu viti viwili vya magurudumu kupishana. Njia ya pamoja ya miguu na baiskeli: mita 3, kwa kuwa baiskeli yenye magunia inachukua karibu mita 1 na zinapishana. Acha nusu mita tupu kila upande, na matawi yakatwe hadi mita 2.5 juu.

Ondoa udongo wa juu wenye mizizi, sentimita 10 hadi 15, uutunze kwa ajili ya bustani. Shindilia chini. Mwaga moramu ya kufikia sentimita 12 baada ya kushindiliwa, yenye kokoto zisizozidi milimita 25. Moramu yenye udongo mfinyanzi mwingi inateleza masika, na isiyo nao kabisa inatawanyika kiangazi. Ikamate mkononi ikiwa na unyevu: ukibana ngumi ishikane, ukiivunja ikatike vipande viwili, na kiganja kisibaki kimelowa. Ikimwagika kama mchanga, ongeza maji kabla rola haijapita.

Mfano: kilomita 1 kwa upana wa mita 2 na unene wa sentimita 12 ni mita za ujazo 240 zilizoshindiliwa. Ongeza asilimia 30 kwa kuwa ya lori haijashindiliwa, unapata 312. Kwa tipa la mita za ujazo 7 ni tripu 45. Pima ujazo wa tipa mwenyewe kwa futi kabla ya kulipa tripu ya kwanza. Peving za milimita 60 ziachiwe sehemu zenye watu wengi, kama lango la soko, stendi na miteremko mikali. Kupanga peving bustani nzima kunamaliza bajeti na kuongeza maji ya kutoa.

Magari, bajaji na vivuko

Kwenye mtaa ambao magari yanakwenda kilomita 30 kwa saa au chini, baiskeli inaweza kuchangia barabara. Kwenye barabara ya malori itengwe kwa kabistoni na ukanda wa mita 1. Kivuko kiinuliwe kama tuta pana la sentimita 10, na barabara ikiwa pana, kisiwa cha katikati kiwe na upana wa mita 2, maana baiskeli ina urefu wa karibu 1.8 na mkia wake usibaki barabarani. Kwenye barabara ya TANROADS au TARURA, tuta kama hilo ni lao kulijenga. Nyie peleka hesabu ya watu mliyoifanya. Ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote.

Mlangoni mwa njia weka vizuizi vilivyoachana mita 1.2. Bajaji haipiti, kiti cha magurudumu kinapita. Bodaboda itapita, na hakuna kizuizi kinachoiacha nje huku kikiruhusu baiskeli yenye mzigo. Dawa yake ni kuongea na viongozi wa kijiwe kilicho karibu, na kuwapa maegesho yao halali nje ya lango. Kizuizi kimoja kiwe cha kufuli ili trekta la taka liingie.

Ndani ya bustani

Miti ya kivuli kando ya mto iwe mivengi na mikuyu. Mlingoti usiletwe karibu na maji hata kama miche yake ni bure. Jakaranda inapendeza, ila ikae mita 3 kutoka kwenye peving, mizizi yake huzinyanyua. Chimba mashimo ya sentimita 60 kwa 60 kwa 60, debe moja la samadi, panda Desemba au Januari mvua zikishashika. Zungushia kila mche fito za mita 1.2 kwa ajili ya mbuzi. Kiangazi mbili za kwanza, lita 20 mara mbili kwa wiki. Bajeti isiyo na maji ya Agosti ni bajeti ya kupanda miti ile ile kila mwaka. Kwa miji yenye sakitu kama Njombe, miche michanga ifunikwe kwa nyasi Juni na Julai, na ukoka upandwe mapema ushike mizizi kabla ya baridi.

Mabenchi yawe ya zege au mawe, kimo cha sentimita 45. Ya chuma huishia kwenye mizani ya chuma chakavu. Weka mengine kivulini na mengine juani, kwani asubuhi ya Juni Mbeya hakuna anayetafuta kivuli. Vichaka visizidi sentimita 60 na matawi yaanze mita 2 juu, ili mwanamke anayepita saa 1 jioni aone mbele na aonekane. Chini ya bembea weka mchanga wa sentimita 30, uongezwe kila mwaka. Taa za sola ziwe na betri juu ya nguzo, nguzo ziachane mita 25 hadi 30, kwanza kwenye njia inayopitwa usiku, baadaye kwenye maua. Choo kiwe karibu na kibanda cha biashara na mwenye kibanda ashike ufunguo kwa mkataba. Bustani isiyo na choo hupata choo chake yenyewe, nyuma ya ua.

Mfuatano wa mwaka, na nani atashika fagio

Mwaka wa fedha wa halmashauri unaanza Julai 1, na bajeti yake huandaliwa miezi mingi kabla. Hesabu ya watu na ramani viwe tayari Oktoba. Mkutano wa mtaa, kisha Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha Kamati ya Mipango Miji na Mazingira, kisha Baraza la Madiwani. Kazi za udongo zifanyike Mei hadi Septemba, na makalvati yatangulie moramu. Fedha zikichelewa hadi Novemba, jengeni mitaro na mpande miti tu, moramu isubiri. Presha ya kumaliza fedha kabla mwaka haujafungwa imeosha njia nyingi.

Mtunzaji aandikwe kwenye andiko lenyewe, pamoja na kiasi na chanzo. Kodi ya vibanda viwili au vitatu ikiingia akaunti ya bustani inaweza kulipa kikundi cha vijana cha mtaani. Kazi yao ya masika ni moja kuliko zote: kila baada ya mvua kubwa, watu wawili wenye koleo na reki wapite njia nzima, wazibue midomo ya makalvati, wafungue makingamaji yaliyojaa matope, na wajaze mtaro wowote unaoanza kuchimbika ukiwa bado ni wa kina cha kidole. Ukifika kina cha goti, itabidi kuita tipa.